Kindi Yatima: Joto Kwanza, Maziwa Baadaye

Kila mwaka, kabla ya mvua za Novemba, wakulima wa Ikungi, kama wenzao wa sehemu nyingine za Mkoa wa Singida, husafisha mashamba ya alizeti, mtama na uwele. Vichaka hufyekwa, na miti mikongwe yenye matundu hukatwa kwa ajili ya kuni na mkaa. Tundu la mti ni nyumba ya viumbe wengi, na mmoja wao ni kindi. Mti uangukapo, mama hukimbia na watoto wake hubaki chini. Mara nyingi mtoto wa shule apitaye njiani humwona mmojawapo, akamhurumia, akamtia mfukoni na kumpeleka nyumbani, ambako humpa maziwa ya ng'ombe. Baada ya siku mbili au tatu kindi yule hufa, na watu husema amekufa kwa huzuni ya kumkosa mama yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kifo cha namna hiyo kwa kawaida huwa na sababu za fizikia, kemia na biolojia ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzielewa. Nyingi kati ya sababu hizo zaweza kuepukwa, mradi mambo yafanywe kwa utaratibu wake.

Kindi ni mnyama gani?

Kindi ni mamalia wa kundi la wagugunaji, yaani kundi lile lile la panya na nungu. Wapo kindi wakaao mitini, na wapo jamaa zao wakaao ardhini, ambao katika sehemu nyingi huitwa kuchakuro. Wengi wa kindi wadogo wa vichaka na misitu ya miyombo katika Afrika Mashariki na Kusini ni wa jenasi ya Paraxerus. Mmoja wao aliyechunguzwa kwa makini na wanasayansi ni Paraxerus cepapi, ambaye anapatikana pia Tanzania. Mkubwa wake ana uzito wa takriban gramu 200. Jike huzaa mtoto mmoja hadi watatu kwa mara moja, na kila mtoto huwa na uzito wa takriban gramu 10 tu, yaani kijiko cha chai cha sukari mara mbili hivi.

Jambo hili lapasa kukumbukwa na mwalimu atumiaye vitabu vya kigeni. Vitabu vingi vihusuvyo ulezi wa kindi vimeandikwa Marekani na Uingereza, navyo vyamzungumzia kindi wa kijivu, ambaye huzaliwa uchi na kufumbua macho baada ya wiki nne au tano. Watoto wa Paraxerus cepapi huzaliwa wakiwa na manyoya mafupi, na macho yao hufumbuka mapema zaidi. Kwa hiyo mtu akimpima mtoto wa kindi wa kwetu kwa kipimo cha kitabu cha kigeni, atamdhania kuwa na umri mkubwa kuliko alio nao, na pengine atamwachisha maziwa kabla ya wakati.

Je, kweli ni yatima?

Swali la kwanza ni kama mama yake yu hai. Kindi jike huwa na viota zaidi ya kimoja, naye ana desturi ya kuwahamisha watoto wake kwa kuwabeba kinywani. Mti ukikatwa naye akaokoka, huweza kurudi kuwatafuta mara makelele yatulizanapo. Imani ya kwamba mama humkataa mtoto aliyeguswa na binadamu haina msingi kwa mnyama huyu.

Basi, mtoto ambaye hana jeraha, na ambaye mwili wake una joto, awekwe ndani ya kikapu kilicho wazi, juu ya nguo kavu, karibu kabisa na mahali alipookotwa, palipo na kivuli na pasipofikiwa na sisimizi. Ashikwe kwa mikono iliyovaa glavu au mfuko safi wa plastiki. Watu, mbwa na paka waondolewe, na mtu mmoja achungulie kwa mbali. Kwa kuwa kindi hutembea mchana, mama apewe nafasi hadi karibu na machweo. Akija akamchukua, kazi imekwisha, na hakuna mlezi awezaye kuifanya vizuri kuliko yeye.

Joto

Mtoto ambaye mama yake amekufa au hakurudi hukabiliwa kwanza na baridi, kabla hata ya njaa. Ili kuelewa sababu, tuchukue michemraba miwili. Wa kwanza una ubavu wa sentimita 2. Eneo la uso wake ni sentimita za mraba 24, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 8. Kwa hiyo kila sentimita moja ya ujazo ina sentimita 3 za mraba za kupotezea joto. Mchemraba wa pili una ubavu wa sentimita 10. Eneo la uso wake ni 600, na ujazo wake ni 1,000, yaani 0.6 tu kwa kila sentimita ya ujazo. Mchemraba mdogo, kwa kulinganisha na ujazo wake, una uso mkubwa mara tano.

Mtoto wa kindi ndiye mchemraba mdogo. Joto humtoka kwa kasi, na mwili wake bado hauna uwezo wa kutosha wa kulitengeneza upya. Kiotani hukingwa na mwili wa mama na ndugu zake. Akiwa peke yake katika usiku wa uwanda wa juu wa Singida, hupoa upesi. Mwili unapopoa, mmeng'enyo wa chakula hupungua na hata kusimama. Maziwa aliyonyweshwa hulala tumboni bila kusagwa, huchachuka, na tumbo huvimba. Hivyo ndivyo mlezi mwema amuuavyo mgeni wake kwa chakula.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kwamba mtoto aliyepoa asilishwe. Atiwe ndani ya boksi lenye matambara laini, na chini ya nusu moja ya boksi iwekwe chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa. Nusu ya pili iachwe bila chupa, ili mtoto aweze kujisogeza iwapo joto litamzidi. Asianikwe juani, wala asisogezwe karibu na jiko la mkaa. Joto la ghafla lina madhara yake, na moshi wa mkaa una sumu.

Maji

Mtoto akisha pata joto, yapasa kuchunguza kama amekaukiwa na maji. Ngozi ya mgongo ifinywe taratibu kwa vidole na kuachiwa. Ikirudi mara moja, maji yanatosha. Ikibaki imesimama kama hema, maji yamepungua.

Hapo dawa yake ni ile ile wapewayo watoto wetu waharishao: maji yenye chumvi na sukari. Pakiti zipatikanazo katika zahanati zafaa. Zikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, huyeyushwa katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Sababu ya kuchanganya vitu hivyo viwili ilielezwa mwaka 1960 na mwanabiokemia Robert K. Crane, aliyeonyesha kwamba glukosi na sodiamu hupita pamoja katika ukuta wa utumbo mwembamba. Vikisha pita, maji huvifuata. Ugunduzi huo uliweka msingi wa tiba ambayo imeokoa mamilioni ya watoto wa binadamu, na kanuni yake ni moja kwa mamalia wote.

Maziwa

Maziwa ya kila mamalia yameumbwa kwa mahitaji ya mtoto wake. Maziwa ya ng'ombe yana takriban asilimia 4 ya mafuta na asilimia 5 ya laktosi, yaani sukari ya maziwa. Ya mbuzi hayatofautiani sana nayo. Maziwa ya panya yana mafuta zaidi ya asilimia 10, na laktosi karibu asilimia 3. Katika kindi wa kijivu, mafuta huweza kukaribia robo ya maziwa yote kuelekea mwisho wa kunyonyesha, na laktosi haifikii asilimia 4.

Kwa mtoto wa kindi, basi, maziwa ya ng'ombe ni mepesi kwa nguvu na mazito kwa sukari. Ili apate nguvu ya kutosha hana budi kunywa mengi, na akinywa mengi hupata laktosi kupita uwezo wa kimeng'enya chake cha laktasi. Laktosi isiyosagwa huvuta maji kuyaingiza utumboni, na bakteria huichachua. Matokeo yake ni gesi na kuhara. Mtoto wa gramu 20 anayehara hana akiba ya maji ya kumfikisha asubuhi.

Katika miji mikubwa hutumika maziwa ya unga yatengenezwayo kwa ajili ya watoto wa mbwa, ambayo yana mafuta mengi zaidi. Ikungi, penye mbuzi wengi, maziwa mabichi ya mbuzi yaliyochemshwa na kupozwa hadi uvuguvugu, yakiongezwa malai kidogo, yaweza kumvusha mtoto kwa siku chache. Yaanzwe kwa kuchanganywa na yale maji ya chumvi na sukari, kisha yaongezwe nguvu hatua kwa hatua.

Kipimo cha kila mlo ni takriban asilimia 5 ya uzito wa mwili. Mtoto wa gramu 20, kwa mfano, hupewa mililita 1. Mizani ya maabara ya shule itafaa sana kwa kazi hii. Mtoto ambaye hajafumbua macho hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu. Litumike bomba dogo la sindano, bila sindano yenyewe. Mtoto awekwe kifudifudi, kichwa kikiwa juu kidogo, na matone yatolewe polepole. Asilazwe chali kama mtoto wa binadamu, kwani maziwa yakiingia mapafuni huleta nimonia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Mtoto mchanga hawezi kukojoa wala kupata choo bila kusaidiwa. Mama humlamba. Mlezi hana budi kumpangusa taratibu sehemu za chini kwa pamba iliyolowa maji ya uvuguvugu, kila baada ya mlo.

Alizeti na mifupa

Mtoto aanzapo kutafuna, mlezi wa Singida hushawishika kumpa kile kilicho karibu, yaani mbegu za alizeti na karanga. Kindi huzipenda mno, na hapo ndipo penye hatari. Gramu 100 za mbegu za alizeti zina takriban miligramu 660 za fosforasi na miligramu 78 tu za kalsiamu. Fosforasi ikizidi namna hiyo, mwili huichukua kalsiamu kutoka katika mifupa ili kuurudisha mlingano wa damu. Mifupa hulainika, miguu hupinda, na mnyama aliyeumbwa kurukaruka mitini hushindwa hata kusimama. Kufungiwa gizani huongeza tatizo, kwa kuwa mwanga wa jua husaidia ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo huuwezesha utumbo kuipokea kalsiamu.

Mbegu ziwe kitoweo, zisiwe mlo. Mnyama apewe majani mabichi, kama yale ya mbuyu, ambayo yana kalsiamu nyingi, pamoja na matunda ya porini, magome na wadudu. Apewe pia vipande vya matawi magumu, kwa kuwa meno ya mbele ya wagugunaji hukua maisha yote na lazima yasagwe.

Usalama wa mlezi, na sheria

Huruma isiondoe tahadhari. Viroboto wa wagugunaji hueneza tauni, ugonjwa ulioisumbua Wilaya ya Lushoto tangu mwaka 1980 hadi 2004. Kirusi cha mpox kilipatikana mwaka 1985 katika kindi wa msituni nchini Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Machi 2025 Tanzania ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa maradhi hayo. Haya hayamaanishi kwamba kila kindi ni mgonjwa. Yanamaanisha kwamba mnyama wa porini asitiwe mfukoni, asibusiwe, wala asilazwe kitandani. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mtu aliyeng'atwa aende zahanati. Aliyeokotwa amekufa au mgonjwa asiguswe kwa mikono mitupu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Aidha, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata au kufuga mnyamapori bila kibali. Kwa hiyo huduma tuliyoieleza ni ya saa au siku za dharura, huku taarifa ikipelekwa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Uamuzi wa kumlea hadi mwisho ni wake. Na yafaa uwe hivyo, kwa maana kindi aliyelelewa peke yake sebuleni hajifunzi kumkimbia mwewe wala nyoka, na mara nyingi kumwachia porini ghafla ni kumpeleka kwenye kifo.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kufundisha sehemu kubwa ya somo hili bila kumgusa mnyama yeyote. Chukua makopo madogo matano yaliyo sawa, na kopo moja kubwa. Yajaze yote maji ya nyuzijoto 60. Weka kopo dogo moja peke yake, jingine lizungushie pamba, na matatu yaliyobaki yafunge pamoja kwa uzi. Pima jotoridi la kila fungu kila baada ya dakika 5 kwa muda wa nusu saa, kisha chora grafu. Wanafunzi waeleze kwa nini kopo dogo lililo peke yake hupoa kwanza, na kwa nini yale matatu huchelewa.

Wakimaliza, waulizwe swali moja: kabla ya kuukata mti wenye tundu, ni jambo gani lingefaa kufanywa? Mwanafunzi atakayejibu kwamba tundu lichunguzwe kwanza, na mti wenye kiota uachwe hadi watoto watoke, atakuwa amemwokoa kindi kwa njia rahisi kuliko zote.