Wingu la Kitui na Mji wa Dhahabu

Kikamba kina neno itu, yaani wingu. Litie kiambishi cha mahali liwe ituni, nawe umefika mbinguni kwa Mungu. Kiswahili nacho kilipita njia hiyo, maana wingu na mbingu vimetoka mzizi mmoja. Ila Kitui na Makueni, kwao Wakamba nchini Kenya, ni nchi kavu, ambako mvua za Novemba zikikosa watu hulala njaa. Mzee wa huko akiinua macho kutazama wingu, anatafuta chakula cha wajukuu. Mungu anayekaa winguni humo alikuwa na maana kwa wazee wa huko kabla mmishenari yeyote hajakanyaga hapo.

Hata jina la Mungu limebeba mvua. Wakamba wa zamani walimwita Mulungu, na pia Mumbi, yaani Muumbaji, lakini Biblia ya Kikamba inamwita Ngai, jina la ukoo mmoja na Enkai la Wamaasai, ambao kwao neno hilo hilo ndilo mvua. Roho Mtakatifu ni Veva Mutheu. Veva ni ndugu wa pepo na upepo wetu, na theu ni safi, kama vile yanavyosemwa maji yasiyo na tope. Utakatifu, kwa hiyo, unaingia akilini kwa mlango wa kisima. Naliona hili kuwa jambo kubwa: neno la dini likiwa na kitu cha kushika katika maisha ya kila siku, halihitaji kuelezwa sana.

Tatizo linaanza pale lugha mbili za dini zinapokutana mahali pamoja. Katika Makueni kuna kilima cha Nzaui. Masimulizi ya Wakamba yanasema Mulungu aliwatoa watu wa kwanza mwambani hapo, na nyayo zao zingali zinaonyeshwa juu ya jiwe. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission aliwasili na kuchagua Nzaui iwe kituo cha kwanza cha misheni hiyo. Alifariki mwaka uliofuata, lakini mahubiri yaliendelea. Aimu, neno lililo jamaa ya mzimu wetu, walikuwa wazee waliotangulia, watu wa nyumbani waliomwagiwa pombe kidogo chini kabla walio hai hawajanywa. Katika mahubiri wakageuka mashetani. Neno lilibaki vile vile, ila babu akawa adui.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa kina ni mwana wa Kitui mwenyewe, John Mbiti, aliyezaliwa Mulago mwaka 1931. Alipata shahada ya udaktari Cambridge mwaka 1963, na katika kitabu cha mwaka 1971 alizipima, moja baada ya nyingine, picha za Agano Jipya kuhusu mwisho wa dunia jinsi Wakristo wa Ukambani walivyozielewa: jehanamu, moto, hazina, mji, nchi, kula na kunywa, machozi na maumivu, mbingu. Alikuta kwamba picha hizo, ambazo kazi yake ni kuelekeza macho mbele, zilikuwa zimekuwa ndiyo mwisho wa safari. Mji ulisubiriwa kama mji, na moto ukaogopwa kama moto wa kuni.

Sababu aliyoitoa ilimletea sifa na upinzani. Alisema wakati katika fikra za Wakamba una yaliyopita marefu sana na yajayo mafupi mno, na vitenzi vyao havifiki mbali mbele. Alizitaja sehemu hizo kwa maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Namheshimu sana, lakini hapa siwezi kumfuata. Mkulima wa Makueni anayechimba makingamaji ya fanya juu kwenye mteremko, kisha akapanda miembe itakayochukua miaka kuzaa, anaishi na yajayo marefu.

Wala Wakamba si wageni wa mafumbo. Mbiti maana yake fisi. Mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufariki aliweza kupewa jina kama hilo ili kifo kimpite, na hakuna aliyedhani amezaa mnyama. Watu wanaoweza kuficha dua ndani ya jina la fisi wangeuelewa pia mji wa dhahabu wa kitabu cha Ufunuo kama fumbo, lau wangehubiriwa hivyo. Waliletewa mji ukiwa umehubiriwa neno kwa neno, wakaupokea hivyo.

Linganisha na Marasta. Biblia yao ni hiyo hiyo. Walipoanza Jamaika baada ya Ras Tafari kutawazwa Haile Selassie mwaka 1930, hawakuiacha Babiloni kwenye kitabu. Waliiona katika polisi, katika mahakama, katika dola iliyowafanya babu zao watumwa. Sayuni ikawa Ethiopia na Afrika nzima. Uhamisho wa Wayahudi ulipata mahali pa kushika kwa sababu wao wenyewe walikuwa wazao wa watu waliohamishwa kwa minyororo. Nywele wasizokata zinashikamana na nadhiri ya Mnadhiri katika Hesabu sura ya 6. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliitambua Rastafari kuwa dini, katika kesi ya mwanafunzi aliyezuiwa shuleni kwa sababu ya nywele hizo.

Ukambani nako Biblia ina kurasa zinazongoja kushikwa. Isaya sura ya 35 inasema juu ya maji yanayobubujika nyikani. Msomee mama wa Mutomo au Kibwezi, aliyewahi kufukua mchanga wa mto mkavu hadi kiunoni akitafuta maji ya mtungi mmoja, na hutahitaji kumfafanulia. Mbiti mwenyewe, akiwa mzee anayeishi Uswisi, aliketi na Agano Jipya la Kiyunani akalitafsiri lote kwa Kikamba, aya baada ya aya, akichagua upya kila neno.