Kompyuta Yawaka, Skrini Giza: Usikimbilie Kununua Kadi Mpya

Kompyuta inawaka, feni zinazunguka, taa zinametameta, lakini skrini imeandika "No Signal" kisha ikawa nyeusi tii. Mwenye mali humpigia simu fundi, na fundi asiye na subira hutoa hukumu moja tu: kadi ya grafiki imekufa, nunua nyingine. Mimi ni mtu wa pwani niliyefanya ufundi miaka kadhaa kati ya Wote, Kibwezi na mji wa Kitui, na kadi nyingi nilizoletewa zikiitwa maiti zilikuwa hai.

Nayaandika haya hapa kwa sababu watoto wetu wengi wako huko. Wapo wanaosoma Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, wapo waliofungua saiba na studio za kuhariri video za harusi kwenye miji ya njia kuu, Emali, Makindu hadi Mtito Andei. Kadi ya grafiki ndicho kile kipande kinachotengeneza picha na kuipeleka kwenye skrini. Ikinyamaza Alhamisi na harusi ni Jumamosi, riziki imesimama. Nimemwona kijana wa Wote akitaka kuuza mbuzi wa mamake apate kadi mpya, na ugonjwa wenyewe ulikuwa waya uliolegea.

Swali la kwanza ambalo fundi anafaa kuuliza, kabla hajashika bisibisi, ni hili: picha hupotea wakati gani? Jibu lake ni nusu ya tiba.

Ikiwa picha haiji kabisa tangu unapowasha, anza nje. Tazama kama skrini imewekwa kwenye tundu sahihi, maana nyingi zina HDMI na VGA pamoja na haziko werevu wa kuchagua. Jaribu waya mwingine. Kisha zunguka nyuma ya kompyuta: waya umechomekwa kwenye kadi, au kwenye tundu la madabodi lililo juu yake? Kosa hili ni la kawaida mno baada ya mtu kuhamisha meza. Kadi ikishawekwa, kompyuta nyingi huzima tundu la madabodi, na prosesa nyingine, kama zile za Intel zenye herufi F mwisho wa jina, hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe hata kidogo.

Bado giza? Zima, chomoa umeme, toa kadi na uirudishe hadi usikie klipu ikibana. Toa na memori pia uirudishe, kwani memori iliyolegea huleta giza lilelile, na kadi isiyo na hatia hulaumiwa.

Ikiwa picha inakuja vizuri na hupotea tu ukianza kuhariri video au kucheza gemu, usihangaike na waya wa skrini. Hapo tuna washukiwa wawili, umeme na joto, na huko Ukambani wote wawili wana nguvu.

Tuanze na umeme. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati 75, basi. Kadi inayohitaji zaidi hupewa waya wake kutoka kwa pawasaplai: ule wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza 150. Sasa, kompyuta nyingi zinazouzwa madukani huko ni zile zilizotumika maofisini ng'ambo. Ni mashine nzuri, sizibezi, lakini zilijengwa kwa kazi ya barua na hesabu. Ile ndogo ya Dell OptiPlex, kwa mfano, mara nyingi ina pawasaplai ya wati 240 hivi. Ukiiwekea GT 1030 inayokula wati 30, mtaishi kwa amani. Ukilazimisha RTX 3060 yenye kiu ya wati 170, kwa adapta za waya za kuungaunga, itakwenda hadi kazi ipambe moto, kisha picha ikatike au mashine izime. Kadi haina ugonjwa hapo. Ina njaa.

Ongeza na stima yenyewe. Kwa kawaida Kenya tunapewa volti 240, lakini mwisho wa laini ndefu, mbali na transfoma, hupanda na kushuka, hasa mashine ya kusaga ya jirani inapoanza. Pawasaplai iliyozeeka haivumilii mitikisiko hiyo. Ndiyo maana nikitengeneza kompyuta ya kazi mashambani, shilingi za kwanza nazipeleka kwenye pawasaplai ya maana na stebilaiza au UPS. Kadi kubwa baadaye.

Joto nalo ni hadithi ya vumbi. Sisi wa pwani tumezoea adui mwingine: unyevu na chumvi ya bahari vinavyokula pini hadi zikawa kijani. Kitui kiangazi ni vumbi jekundu, laini kama unga, linaloingia kwenye mapezi ya kadi na kujipanga kama blanketi. Chipu ikikaribia nyuzi 90 hupunguza kasi ili ijiokoe. Joto likizidi, hujifunga. Ukiacha mashine ipoe na picha ikarudi, umepata dalili nzuri. Pulizia kwa blawa, lakini zuia feni kwa kidole isizunguke ovyo, usije ukaharibu beringi zake. Kadi yenye miaka mingi, ifungue ubadilishe pesti ya joto iliyokauka. Meno ya dhahabu yapanguse kwa spiriti safi na kitambaa laini. Usiyakwangue kwa kisu, jamani.

Jambo moja kwa fundi anayetoka pwani: hewa ya huko ni kavu, nguo na zulia huzalisha umeme tuli ambao hapa Mombasa ni nadra kuuhisi. Gusa chuma cha kasha kwanza kabla ya kushika kadi.

Aina ya tatu ni picha inayoonekana mwanzoni, nembo ikapita, kisha giza Windows inapoingia. Hapo draiva ndiyo mshukiwa. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Huanzisha draiva upya, na mara nyingine picha hurudi papo hapo. Isiporudi, ingia kwa hali salama, ondoa draiva, weka nyingine kutoka kwa waliotengeneza kadi.

Najisikia ajabu nikikumbuka kwamba Konza, mji wa teknolojia wa serikali wenye kituo cha taifa cha data na vyumba vyake vya baridi, uko humohumo Makueni, ilhali mwenye saiba wa Mutomo hana wa kumwambia apige kadi vumbi.

Kadi iliyokufa kweli ipo, nayo hujitambulisha: vijisanduku vya rangi na mistari hata kabla Windows haijaingia, na inapohamishiwa kwenye kompyuta nyingine nzima hufanya vilevile. Hilo la kuihamisha ndilo jaribio la mwisho. Azima mashine ya jirani kwa dakika 10. Na wanaokwambia uioke kwenye oveni, waache. Ikifufuka, mara nyingi haichukui muda kabla ya kulala tena, na moshi wake hautakiwi jikoni.

Ukilazimika kununua iliyotumika na kuipandisha basi la kwenda Kitui, muulize muuzaji akuwashie chini ya mzigo mzito, nusu saa, ukiangalia joto na picha, kabla hujatuma pesa. Akikataa, kuna duka la pili.