Siku Tisa kwa Miguu Kutoka Lindi Hadi Kilwa: Miaka 60 na Haki ya Dada

Mwezi Juni uliopita nilitimiza miaka 60 kwa hesabu ya kalenda ya miladi. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo, ambayo mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi, umri huo ulikwishanipita karibu miaka miwili kabla, wala sikuwa na habari. Wanangu walitaka kunifanyia karamu, waoke keki na kuwaalika majirani. Niliwashukuru, nikakataa. Wakadhani nimekataa kwa ajili ya yale ambayo masheikh wetu huyasema kuhusu sherehe za kuzaliwa. Ukweli ni kwamba umri ule ulinitia hofu.

Tumefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mtu aliyepewa umri hadi kufika miaka 60 hana tena udhuru wa kutoa mbele ya Mola wake. Nami nilikuwa na jambo ambalo kwa miaka 22 nilikuwa nikilitolea udhuru.

Marehemu baba yetu aliacha watoto wawili, mimi na dada yangu mdogo, na shamba la minazi 90 pembezoni mwa Lindi. Hesabu yake haihitaji mwanachuoni: Suratun Nisaa imempa mwanamume fungu la wanawake wawili. Minazi 60 ni yangu, 30 ni yake. Lakini dada alikuwa ameolewa Kilwa Kivinje, na mimi ndiye niliyekuwapo shambani. Mwaka wa kwanza nilisema tungoje eda ya huzuni ipite. Mwaka wa pili nilisema bei ya nazi imeanguka. Baadaye sikusema kitu, naye hakuuliza. Ukimya wake nikaufanya kuwa ridhaa.

Basi niliamua kuadhimisha miaka yangu kwa kumpelekea haki yake, na kumpelekea kwa miguu.

Hapa nataka nieleweke. Mataifa mengine yana njia ndefu za kuzuru, kama ile ya Hispania inayoishia Santiago de Compostela, ambayo watu huitembea kwa majuma kadhaa. Sisi hija yetu ni moja, na misikiti tuliyoelekezwa kufungia safari ni mitatu: wa Makka, wa Madina na wa Al-Aqsa. Kilwa haimo. Sikwenda kutafuta baraka za kaburi wala za gofu. Nilikwenda kuunga undugu. Na nilichagua miguu kwa sababu basi lingenifikisha kabla sijajua la kusema.

Niliondoka Lindi baada ya Sala ya Alfajiri, na mkoba mmoja: kanzu, shuka, mswaki, chupa ya maji, na karatasi ya mgawo iliyoandikwa mbele ya sheikh wa mtaa na mashahidi wawili. Siku ya kwanza nilipita Kikwetu, penye uwanja wa ndege, na baada ya hapo safari ikawa ni Mchinga, Kitomanga, Mto Mbwemkuru, Kiranjeranje, hata Nangurukuru. Ni zaidi ya kilomita 150. Kijana angezimaliza kwa siku tano, mimi nilihitaji tisa.

Ulikuwa msimu wa ufuta. Mabunda yake yalikuwa yamesimamishwa mashambani yakikauka, na kwenye mikorosho watu walikuwa wakipuliza salfa, vumbi lake likining'inia hewani asubuhi. Nilisali kasri njiani kama msafiri, na usiku nililala kwenye baraza za misikiti au kwa watu ambao hawakunijua. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitalipa nini. Mzee mmoja aliyenipa ugali wa muhogo na mchuzi wa pweza aliniuliza ninakokwenda. Nilipomwambia nakwenda kumtazama dada yangu, akasema, “Dada yako ana bahati.” Sikuweza kumalizia tonge lililokuwa mkononi.

Kilwa nilianza kuifikiria nikiwa bado mbali. Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, nia yake ikiwa hija, na mwaka 1331 safari zake zilimfikisha Kilwa. Ameandika habari za Sultani Hassan bin Suleiman, ambaye watu walimwita Abul Mawahib, baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Siku moja ya Ijumaa sultani alikuwa akitoka msikitini kurudi nyumbani, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile alizoombwa.

Kisa hicho wengi wanakijua. Kinachosahauliwa ni mwisho wake. Sultani Hassan alipofariki alirithiwa na nduguye Daud, na huyu alipojiwa na mwombaji alikuwa akijibu kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha cha kutoa. Nilitembea na maneno hayo siku mbili nzima. Baba yetu alikuwa mtoaji. Alipokufa, mimi nikawa Daud.

Siku ya tisa, kutoka Nangurukuru, nilikata kulia kuelekea baharini. Kivinje ni mji ambao wengi waliufikia kwa miguu bila hiari yao. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapa, watu wakiwa wamefungwa, ili wapakiwe majahazini. Nikaona haya hata kulalamikia malengelenge yangu.

Dada alikuwa barazani akichambua mchele. “Shikamoo kaka,” akasema, kisha akaitazama miguu yangu. “Basi limeharibika wapi?”

Nikamwambia sikupanda basi. Nikampa karatasi. Aliisoma polepole, akaikunja, akaiweka chini ya ungo. Hakulia, wala hakunikumbatia kama nilivyokuwa nimejiwazia njia nzima. Aliuliza neno moja tu: “Na nazi za miaka 22?”

Wallahi sikuwa nimezifikiria. Siku tisa nilihesabu hatua zangu na nyakati za Sala, nikajiona mtu aliyetubu, nami nilikuwa nimebeba nusu ya deni.

Baada ya Magharibi tulikaa na kalamu. Minazi 30 kwa miaka 22 ni mavuno ya mnazi mmoja mara 660. Nikimpa mavuno ya minazi yangu yote 60, deni litachukua miaka 11. Dada akafikiri, akasema, “Palizi na ukwezi uligharamia wewe. Toa mwaka mmoja.” Ikabaki 10. Sikumwomba apunguze zaidi, naye hakujitolea. Nikamwomba radhi. Akajibu, “Haki yangu naipokea. Moyo nao utakuja, kaka, lakini haukuja leo.”

Kesho yake yeye ndiye aliyesema twende Kisiwani, kwa kuwa miaka yote aliyokaa Kivinje hajapata kuvuka. Tulikwenda Kilwa Masoko kwa gari, tukapanda mashua. Tulisimama pamoja ndani ya gofu la Msikiti Mkuu, kati ya nguzo na kuba za mawe ya matumbawe. Nilimsimulia habari za Abul Mawahib. Alipoisikia ya Daud alicheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu nifike.

Mtume ametueleza kuwa umri wa umma wake ni kati ya miaka 60 na 70. Deni langu, Mungu akipenda, litakwisha nikiwa na 70. Kwa hiyo niliporudi Lindi, safari hii kwa basi, niliwakusanya wanangu, nikaliandika katika wasia mbele yao, kwa sababu deni la maiti hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Mwanangu mkubwa alinyamaza kidogo, akauliza kama shangazi yao anaweza kuja shambani kuichagua minazi yake mwenyewe.

Msomaji, huenda nawe unaikaribia miaka hiyo, au umeivuka bila kujua kwa hesabu ya mwezi. Miguu si lazima. Lakini kama iko karatasi ambayo hujaiandika, na yuko dada ambaye ukimya wake umeufanya ridhaa, usingoje bei ya nazi ipande. Na ukienda, chukua hesabu yote.