Kikohozi Baada ya Kuacha Dawa za T.B.

Tukitembelea nyumba za hapa Shieywe tunakuta watu waliowahi kutibiwa kifua kikuu, yaani T.B., na sasa wanakohoa tena. Wengine hununua dawa ya maji ya kikohozi dukani wiki baada ya wiki. Wengine humeza vidonge vilivyobaki. Njia zote mbili si nzuri.

Kwanza tujiulize: dawa zilikwisha, au ziliachwa?

Aliyeacha njiani. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, halafu dawa 2 kwa miezi 4. Majaribio yaliyofanywa hapa Afrika Mashariki miaka ya 1970 yalisaidia kuonyesha kwamba miezi 6 inatosha; kabla ya hapo matibabu yalipita mwaka mzima. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, mwili hurudi, na mtu husema, "Mimi nimepona." Kumbe viini vingine vimelala tu mapafuni. Akiacha dawa vinaamka, na vingine huwa sugu, dawa za kwanza zisiviweze tena. Ndiyo maana vidonge vya zamani, au vya kuazima kwa jirani, havifai.

Aliyemaliza. Huyu anaweza kuwa amepona kabisa na bado akohoe, kwa sababu ugonjwa uliacha makovu mapafuni. Moshi wa kuni, sigara, na vumbi la mawe kwa wale wachimbao dhahabu, huzidisha. Lakini T.B. pia inaweza kurudi. Kwa kusikiliza kikohozi tu, hakuna awezaye kujua. Lazima makohozi yapimwe.

Basi tufanye hivi:

1. Nenda kituo cha afya mapema, na ubebe kadi yako ya matibabu. Ukikohoa damu au ukishindwa kupumua, nenda siku hiyo hiyo.

2. Sema wazi kwamba ulitibiwa, na uliacha lini. Mashine ya kupima inaweza kuonyesha hata mabaki ya viini vilivyokufa. Daktari akijua habari zako ataagiza makohozi yaoteshwe, aone kama viini vi hai na ni dawa gani inaviweza.

3. Ukingoja majibu, funika mdomo unapokohoa, fungua madirisha, na usilale chumba kimoja na watoto wadogo ikiwezekana.

4. Ikionekana ni T.B., wote wa nyumbani wapimwe.

Tunajua wengi hawarudi kliniki kwa kuogopa kukemewa. Ndugu yetu, kukemewa huisha siku moja, lakini T.B. iliyoachwa huingia kwa watoto. Dawa zake hazilipiwi katika hospitali za serikali, pamoja na hospitali kuu ya kaunti hapa mjini Kakamega. Ukiona uzito kwenda peke yako, mwombe jirani akusindikize. Na wewe jirani, usikatae.