Redio na Mtu wa Kuulizwa

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, na watoto wa Lukuledi, mkoani Mtwara, sawa na wenzao wa Masasi mjini na Newala, wakakaa majumbani hadi tarehe 29 Juni, isipokuwa wa kidato cha sita waliotangulia kurejea tarehe mosi ya mwezi huo. Masomo yalirushwa redioni na katika televisheni, nalo ni jambo la kushukuriwa. Walakini kwa aila isiyo na umeme, ambayo betri za redio yake huanikwa juani kila zikichoka ili zipate walau kuifikisha taarifa ya habari ya saa mbili usiku, somo la hisabati hupita kama mvua juu ya bati. Mtoto asiyefahamu hana wa kumwuliza, na hapo ndipo ninapoona taksiri kubwa.

Wazee wetu walilijua hilo zamani. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, na kwa majuma 12 kila kikundi, kikiwa na kiongozi aliyefunzwa kabla, kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadiliana juu ya malaria na kichocho, kisha kikaondoka kwenda kuchimba vyoo.

Dharura hazipigi hodi, na shule zaweza kufungwa tena; Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliitia Mtwara yote hofu kabla ya kutua Cabo Delgado, Msumbiji. Lau kila kitongoji kingekuwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, akakabidhiwa redio, betri mpya na kijitabu cha maswali, akaketi na watoto wachache wa jirani chini ya mkorosho, na mwalimu akapita kwa baiskeli kila juma kusahihisha madaftari, elimu isingekatika. Wala kipindi kisiwekwe asubuhi, wakati watoto aghalabu wako shambani wakivuna mahindi au, kule Newala, wameteremka bondeni kuteka maji. Gharama si kubwa, na halmashauri zinazopokea ushuru wa korosho zaweza kuibeba. Majina ya vijana hao yafaa yawe mikononi mwa walimu wakuu kabla mvua za Desemba hazijaanza.