Mzizi Mtamu na Vidonda vya Tumbo

Tumbo la binadamu humeng'enya nyama, lakini halijimeng'enyi lenyewe. Ukuta wake umefunikwa na ute mzito unaoukinga na tindikali inayotengenezwa humo humo. Kinga hiyo ikidhoofika, tindikali huula ukuta, na hapo ndipo kidonda kinapozuka.

Matabibu wa Bara Hindi walishughulika na maradhi ya namna hii tangu kale. Katika utabibu wao uitwao Ayurveda, afya hutegemea uwiano wa nguvu tatu za mwili, yaani vata, pitta na kapha. Pitta ni nguvu ya moto, nayo ndiyo ipikayo chakula; ikizidi na kuchacha, mgonjwa hupata kiungulia, macheuo makali na maumivu. Hali hiyo huitwa amlapitta. Kwa kuwa asili ya ugonjwa ni moto na uchachu, tiba yake sharti iwe ya ubaridi na utamu. Mgonjwa hukatazwa pilipili, vitu vichachu na pombe. Hupewa maziwa na samli. Na miongoni mwa dawa zake umo mzizi wa yashtimadhu, maana yake "kijiti cha asali". Kwa Kiswahili mzizi huo huitwa urukususu, na wataalamu wa mimea huuita Glycyrrhiza glabra.

Mwanafunzi wa kemia asiharakishe kucheka. Ni kweli kwamba utamu hauondoi tindikali. Lakini mwaka 1946 daktari Mholanzi, F. E. Revers, alieleza kuwa wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo walipata nafuu kwa dawa ya mzizi huo huo. Baadaye nchini Uingereza ilitengenezwa dawa ya kabenoksoloni kutokana na asidi iliyomo mzizini, na mwaka 1962 Richard Doll na wenzake walitangaza kwamba iliharakisha kupona kwa vidonda vya tumbo, ingawa haikufaa kwa vile vya mwanzo wa utumbo mwembamba. Kazi yake kubwa haikuwa kupunguza tindikali, bali kuimarisha ule ute. Matabibu wa kale waliona sawasawa. Maelezo yao tu ndiyo yaliyokuwa mengine.

Revers aliona jambo la pili pia: baadhi ya wagonjwa walivimba mwili. Katika figo kimo kimeng'enya kinachoizuia homoni ya kotisoli isizifanye figo zing'ang'anie chumvi. Asidi ya urukususu hukizuia kimeng'enya hicho. Matokeo yake chumvi na maji hubaki mwilini, potasiamu hupotea kwa njia ya mkojo, shinikizo la damu hupanda, na mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Basi dawa kutoka shambani nayo ina kipimo chake.

Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha bakteria waliotoka tumboni mwa wagonjwa, ambao leo huitwa Helicobacter pylori. Hao, pamoja na dawa za maumivu kama aspirini, ndio chanzo cha vidonda vilivyo vingi. Wavumbuzi wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hao huangamizwa kwa viuavijasumu, vikisaidiwa na dawa ya kupunguza tindikali, kwa muda wa hadi wiki mbili. Urukususu umeonekana kuwadhoofisha maabarani, lakini chupa ya maabara si tumbo. Mgonjwa aliyetulizwa kwa mzizi huweza kuendelea kuwabeba kwa miaka. Na akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, kidonda chake kinavuja, hata kama hasikii maumivu.