Harambee ya kisima isiishie kwenye pampu

Kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, wakati mwingine kwa saa chache tu. Huduma ya kwanza, mgonjwa akikimbizwa hospitali, yajulikana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe. Je, hayo maji safi yatatoka wapi? Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022, wakati wa ukame mkali, uliwapata watu zaidi ya 12,000 na kuua wapatao 200.

Ndiyo maana mimi huhesabu pesa za maji kuwa pesa za matibabu. Mwaka 2015, Kaunti ya Makueni ilipitisha kanuni za kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa hazina ya mabadiliko ya tabianchi. Wajir ikafuata 2016 kwa asilimia 2. Kamati za wakazi katika wadi ndizo zilizopewa kazi ya kuchagua miradi, na mingi waliyochagua ilikuwa ya maji. Mama anayebeba mtungi anajua shida kuliko afisa aliye mezani. Kule Ukambani utakuta kuta zilizojengwa kukatiza mito ya msimu: mchanga hujaa nyuma ya ukuta na kuhifadhi maji chini yake, jua lisiyakaushe wala mbu wasipate pa kutagia.

Tatizo ni pesa za baadaye. Wafadhili hupenda utepe ukatwe na picha zipigwe, lakini nani hulipia vipuri, fundi au klorini? Pampu ikiharibika katikati ya ukame, watu hurudi kwenye dimbwi wanamonywa ng'ombe, nasi madaktari twawapokea siku chache baadaye.

Kwa hivyo, msomaji, ukiletewa kadi ya mchango wa kisima cha kijijini, uliza kwanza kama maji yatapimwa. Visima virefu vingi vya Bonde la Ufa vina floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto hugeuka kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa huharibika. Kuchemsha hakusaidii: mvuke ukitoka, floridi hubaki na kukolea.

Kisha uliza mtungi utauzwa pesa ngapi, na nani ataziweka. Shilingi chache zikiwekwa benki kwa jina la kamati hununua vipuri. Kama jambo hilo halijapangwa, mchango wako na usubiri.